Mpangaji na mwenye nyumba: tuandikiane

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa Tunguu, Mkoa wa Kusini Unguja, mbele ya walimu na watumishi wa serikali, juu ya haki za wapangaji na wenye nyumba.)



Katika ukumbi huu wamo wapangaji na wamo wenye nyumba, na wamo pia walio yote mawili kwa wakati mmoja. Tuchukue mfano wa mwalimu aliyehamishiwa Unguja kutoka Wete. Hapa Tunguu amepanga chumba na ukumbi. Kule Wete ameacha nyumba yake, na ndani yake yumo mpangaji wake. Ifikapo tarehe mosi mwalimu huyo humpigia simu mpangaji wake kumkumbusha kodi, na usiku huo huo huzima taa mapema ili mwenye nyumba wake asijue kwamba yumo ndani. Mtu wa namna hii akiulizwa haki iko upande gani, jawabu lake litategemea anaulizwa akiwa kisiwa gani. Kwa hiyo sikuja kuwatetea wapangaji dhidi ya wenye nyumba, wala wenye nyumba dhidi ya wapangaji. Nimekuja kutetea karatasi.

Tunguu ya leo si ile waliyoijua wazee wetu. Zamani thamani ya kiwanja hapa ilihesabiwa kwa minazi na miembe iliyosimama juu yake. Mwaka 1998 kikafunguliwa Chuo Kikuu cha Zanzibar. Baadaye ikaja kampasi kuu ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Zikaja ofisi za serikali, na Mahakama Kuu nayo ikapata jengo lake hapa. Wanafunzi waliokosa nafasi katika dakhalia hutafuta vyumba vijijini, na makarani na walimu nao wanavitafuta vyumba hivyo hivyo. Aliyekuwa na banda la kuku uani amelivunja na kujenga vyumba vitatu vya kupangisha. Mwenye nyumba wa Tunguu kwa kawaida si bwanyenye. Ni mjane, ni mstaafu aliyeumalizia ujira wake wa mwisho katika matofali, au ni mfanyakazi mwenzenu.

Mji umekuja, lakini mapatano yetu bado ni ya kijiji. Mpangaji huletwa na jamaa. Watu hukaa barazani, hutajwa kima cha kodi, hutiwa dua, na ufunguo hutoka. Hakuna aliyeandika chochote, kwa sababu kuandika kunahesabiwa kuwa ni dalili ya kutoaminiana. Yanayofuata tunayajua sote. Mwenye nyumba anafariki, na mwanawe anayekuja kutoka mjini hana habari ya kodi ya miezi sita iliyokwisha kulipwa. Wapangaji watatu wanatumia mita moja ya tukuza, na umeme ukikatika kila mmoja anamtazama mwenziwe. Mwanafunzi anaambiwa ahame katika juma la mitihani kwa sababu amepatikana mpangaji wa bei kubwa zaidi. Na upande wa pili, mpangaji anaondoka usiku na deni la miezi minne, na ufunguo ameuchukua.

Si mara ya kwanza kwa kisiwa hiki kugombana kwa sababu ya ruhusa ya mdomo. Tuitazame Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoitenga na Mji Mkongwe, mwanzoni mwa karne ya 20. Ulikuwa ni mji wa wanyonge, na wengi wao walikuwa watu waliotoka katika utumwa baada ya amri ya 1897, pamoja na vizazi vyao. Walijenga nyumba za miti na udongo na kuziezeka makuti, juu ya ardhi zisizokuwa zao: ardhi za wakubwa wa Kiarabu, za matajiri wa Kihindi, na ardhi za wakfu. Nyumba ilikuwa mali ya aliyeijenga; ardhi ilikuwa mali ya mwingine. Mwanzoni wengi hawakutozwa kitu. Mwenye ardhi aliridhika kwa heshima aliyoipata na kwa wingi wa watu waliomzunguka. Ruhusa ilitolewa kwa ulimi, na kwa muda mrefu ulimi ulitosha.

Mambo yaligeuka pale ardhi ilipokuwa na bei. Wenye ardhi na warithi wao walianza kudai kodi ya kiwanja, kisha wakawa wanaipandisha. Aliyekataa aliambiwa aiondoe nyumba yake. Basi nyumba ya udongo itaondolewa vipi? Haikunjwi kama jamvi. Mwenye nyumba alikuwa na mali asiyoweza kuihamisha, imesimama juu ya ardhi asiyokuwa na hati yake, kwa ruhusa ambayo shahidi wake amekwisha kufa. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waliamua kwa pamoja kutolipa kodi ya viwanja. Wanawake walikuwa mstari wa mbele, na wengi wao walikuwa na nyumba zao wenyewe. Watu walishtakiwa, watu walitiwa ndani, lakini mgomo haukuvunjika, na serikali ya kikoloni ikalazimika kutunga sheria ya kuzuia kupandishwa ovyo kwa kodi hiyo. Mwanahistoria Laura Fair ameyaeleza haya kwa urefu katika kitabu chake Pastimes and Politics kilichotoka mwaka 2001, na ingefaa walimu wa historia wayasomeshe katika skuli zetu kabla ya kusomesha migomo ya nchi za watu.

Na kwa kuwa tumezitaja nchi za watu, inafaa ijulikane kwamba Uingereza yenyewe ilipitia jambo hilo hilo. Mwaka 1915, katika Vita Vikuu vya Kwanza, wenye nyumba wa mji wa Glasgow walipandisha kodi wakati wanaume wengi walikuwa vitani. Wanawake wa mji huo, mmoja wa viongozi wao akiwa Mary Barbour, walikataa kulipa nyongeza na wakawazuia maofisa wa mahakama wasiingie majumbani kuwatoa watu. Kabla ya mwaka kwisha, Bunge la London lilikuwa limepitisha sheria ya kuzuia kodi zisipande. Miaka 13 baadaye dola hiyo hiyo ilistaajabu kuwaona wanawake wa Ng'ambo wakifanya jambo lile lile.

Huko mashamba nako palikuwa na mapatano ya mdomo. Mlimaji alipanda muhogo na migomba chini ya mikarafuu na minazi ya mwenye shamba, naye akalipalilia shamba. Miti ilikuwa ya bwana, mazao ya chakula yalikuwa ya mlimaji. Utaratibu huo ulidumu miaka mingi bila ya karatasi. Baada ya uchaguzi wa Julai 1957 siasa iliingia baina yao, na walimaji wengi walifukuzwa kwa sababu ya chama walichokipigia kura. Hawakuwa na waraka wowote wa kuonyesha kwamba wana haki ya kubaki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 ardhi iliwekwa chini ya serikali, na familia nyingi zikagaiwa eka tatu tatu.

Hapa pana jambo linalosahauliwa sana na wapangaji wa Tunguu. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na mtu huwa na haki ya kuitumia kwa masharti. Eka ya serikali iliyotolewa kwa kulimwa si sawa na kiwanja kilichopimwa kwa kujengwa. Ikiwa vyumba vimejengwa juu ya eka hiyo bila ya kibali, haki ya mpangaji imeegemea ukuta usiokuwa na msingi. Si utovu wa adabu mpangaji kuuliza, kabla ya kutoa fedha, mwenye nyumba ameipata vipi ardhi aliyojenga. Anunuaye ng'ombe huuliza ametoka zizi gani.

Sasa nataka kusema kwa upande wa mwenye nyumba, maana katika mazungumzo ya namna hii yeye husemwa tu. Baada ya Mapinduzi, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali na kukaliwa na watu waliokuwa hawana makaazi mazuri, na nyingine zilikuwa chini ya wakfu. Kodi iliwekwa ndogo ili mnyonge aweze kuilipa. Nia ilikuwa njema. Lakini nyumba ile ya mawe na chokaa ina maradhi yake. Paa likivuja, maji huingia ukutani na kuzifikia boriti. Boriti ikioza, dari huanguka, na dari ikianguka ukuta haukai muda mrefu. Kodi isiyotosha kununua chokaa wala bati haiwezi kulitengeneza paa, na mpangaji hatengenezi nyumba isiyokuwa yake. Ilipofika mwaka 1985 hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuundwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. UNESCO iliutia mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na hata hivyo nyumba zimeendelea kuanguka. Kodi ya kumkandamiza mpangaji ni dhuluma. Lakini kodi isiyoweza kuitengeneza nyumba nayo humdhuru mpangaji yule yule, kwa sababu yeye ndiye anayelala chini ya dari.

Wengi wenu mnasoma magazeti ya Dar es Salaam na kusikiliza redio za huko, kisha mnayachukua mliyoyasikia na kuyatumia Tunguu. Hilo ni hatari. Ardhi si jambo la Muungano. Tanzania Bara ilikuwa na historia yake: mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi iliyompa mpangaji kinga kubwa, na mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa, mambo yakaachiwa zaidi mikataba na Sheria ya Ardhi ya 1999. Sheria hiyo ya 1999 haitumiki Unguja wala Pemba. Sisi tulikuwa na sheria yetu ya kudhibiti kodi tangu zama za ukoloni, na sheria zetu za mikataba na za kuhamisha mali zilichotwa kwa kiasi kikubwa katika sheria za Bara Hindi. Mpangaji anayemtishia mwenye nyumba wake wa Tunguu kwa kifungu cha sheria ya Bara anajitia aibu bure, na mwenye nyumba anayedai kwamba redio imempa ruhusa ya kutoza kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo naye ni hivyo hivyo.

Mtu ataniuliza: je, mapatano ya mdomo hayana nguvu mbele ya sheria? Yana nguvu. Sheria ya mikataba haikusema kwamba neno la barazani ni upuuzi. Taabu iko katika kuthibitisha. Hakimu hakuwepo barazani. Mbele yake wamesimama watu wawili, mmoja anasema kodi ilikuwa shilingi elfu themanini na mwingine anasema elfu mia na ishirini, na wote wawili wako tayari kuapa. Hakimu afanyeje? Ataangalia kilichoandikwa, na kama hakuna ataangalia mashahidi, na mashahidi wetu mara nyingi ni binamu wa mmoja wa wagomvi. Majirani zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine. Sheria yao ya 1965 kuhusu maduka na mahoteli ilimpa kinga maalumu mpangaji asiyekuwa na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, asipandishiwe kodi wala kutolewa ila kwa ilani ya kisheria na kwa kupitia baraza. Ni mpango mzuri kwa muuza duka. Lakini hata yeye, akifika kwenye baraza hilo, jambo la kwanza atakaloulizwa ni stakabadhi zake za kodi.

Karatasi ninayoisema haihitaji wakili. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha, ukiandikwa nakala mbili, kila upande ukabaki na yake. Yaandikwe majina kamili na namba za vitambulisho, chumba gani na vitu gani vilivyomo, kima cha kodi na siku ya kulipwa, na tarehe ya kuanza. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo yanapobaki nje mambo yanayoleta ugomvi mkubwa zaidi: ilani ya kuhama ni ya muda gani kwa kila upande, kodi inaweza kupandishwa lini, paa likivuja nani atengeneze, na mpangaji akitengeneza kwa fedha zake atakatwa katika kodi au la, umeme na maji yatagawanywa vipi. Kwa mwalimu mimi ningeongeza sharti moja: kwamba mwenye nyumba hatamtoa katikati ya muhula isipokuwa kwa deni. Na kwa mwenye nyumba ningeongeza kwamba mpangaji akihamishwa kikazi atoe taarifa siku ile ile aliyopata barua yake, asingoje siku ya kupakia mizigo. Sheha awe shahidi, kwa kuwa yeye anawajua wakaazi wa shehia yake. Lakini ieleweke kwamba sheha ni shahidi na msuluhishi. Yeye si mahakama, na hana uwezo wa kuamuru mtu atolewe chumbani.

Kila kodi inapolipwa itolewe stakabadhi, hata kama mpokeaji ni shangazi yako. Anayelipa kwa simu auhifadhi ule ujumbe, na aandike katika daftari ni kodi ya mwezi gani, maana ujumbe wa simu huonyesha kwamba fedha zilikwenda, lakini hauonyeshi zilikwenda kwa ajili gani. Nimesikia utetezi wa kwamba fedha zile zilikuwa za mchango wa harusi.

Halafu kuna kilemba. Neno hili limetufikia kwa maana ya fedha anayoitoa mpangaji mpya ili apate kuingia, mbali na kodi. Bara Hindi wanayo desturi hiyo hiyo na wanaiita kwa neno lao lenye maana ya kilemba. Kwa kawaida hutolewa kwa siri na bila ya risiti, na ndiyo maana haipatikani tena. Mpangaji anayeombwa kilemba aulize: fedha hii ni dhamana ya kurudishwa nitakapohama, ni kodi ya mbele, au ni zawadi? Jawabu lolote atakalopewa liandikwe. Asiyetaka kuliandika amekwisha kujibu.

Nije kwenye lile linalowaumiza watu zaidi, nalo ni kutolewa kwa nguvu. Mwenye nyumba anabadilisha kufuli mpangaji akiwa kazini. Mwingine anaezua bati, mwingine anakata maji, mwingine anaziweka nje nguo na vyombo na kuzishikilia zile zenye thamani mpaka alipwe. Mtu mwenye deni ana kosa, na deni lake lazima lilipwe. Lakini sheria haikumfanya mwenye nyumba kuwa hakimu, polisi na dalali wa mahakama kwa mpigo mmoja. Katiba ya Zanzibar ya 1984 inalinda heshima ya mtu pamoja na maskani yake, na chumba alichokipanga ndiyo maskani yake mpaka atolewe kwa njia ya haki. Njia ya haki ni ilani ya maandishi, kisha suluhu mbele ya wazee au sheha, na suluhu ikishindikana, mahakama. Migogoro ya ardhi ina chombo chake, Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Asiyejua shauri lake lipelekwe wapi asiende kwa kubahatisha. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tangu 1992 kwa ajili hiyo, na wapo wasaidizi wa sheria katika wilaya.

Na mpangaji naye asiifanye mahakama kuwa mahala pa kujificha. Wapo wanaojua kwamba kesi ina tarehe nyingi, basi wanaacha kulipa kwa makusudi na kukaa bure mpaka hukumu itoke. Huko ni kumla mjane. Kodi isiyokuwa na ubishi ilipwe hata kama mgogoro unaendelea, na mwenye nyumba akikataa kuipokea, mpangaji aende nayo mbele ya mashahidi na aandike kwamba ameitoa na imekataliwa.

Nimeulizwa kabla ya kuanza, na mama mmoja aliyekaa mstari wa mbele, atamwambiaje mpangaji wake wa miaka minne, ambaye ni mtoto wa rafiki yake, kwamba leo anataka waandikiane. Si ataona ametuhumiwa? Namjibu hivi. Asimwambie kwamba hamwamini. Amwambie kwamba yeye ni mtu mzima, na wanawe wako Dar es Salaam na Muscat na hawamjui kijana huyo. Siku watakapokuja kugawana nyumba, yeye hatakuwepo kuwaambia kwamba kodi imekwisha kulipwa mpaka Juni. Kijana akiona kwamba karatasi hiyo inamlinda yeye, atakwenda mwenyewe dukani kununua daftari.

Ndugu Mwenyekiti, nafikiri muda uliobaki ni wa maswali. Wenye mikataba yao mifukoni wanaweza kuja nayo hapa mbele tukaisoma pamoja.